Mafunzo ya Wasimamizi Walio Kazini katika Nchi ya Pamba

Elimu ya mtoto na elimu ya mtu mzima ni ndugu, lakini si pacha. Mtoto hupelekwa shuleni ili aje afae kwa kazi ambayo bado haijui. Mtu mzima hurudi darasani kwa sababu kazi aliyokwisha kabidhiwa imemwonyesha asilolijua. Miongoni mwa watu wazima hapana aihitajiye elimu hii ya pili kuliko msimamizi wa mali ya watu wengi. Aghalabu mtu huyu alianza kwa ustadi mmoja. Alikuwa karani mwema wa hesabu, au mpimaji mwaminifu, au fundi hodari wa mashine. Akapandishwa cheo kwa sababu ya ustadi ule. Na siku alipoketi katika kiti cha umeneja akakuta kwamba kiti hakitaki ustadi mmoja, bali kinataka jicho liyaonalo mambo yote kwa pamoja: fedha na watu, ghala na soko, sheria na ahadi. Anayo miaka kumi na mitano ya kazi nyuma yake, anao mke na watoto, na msimu haumngoji. Hawezi kuacha kazi akasome, wala hawezi kuifanya kazi vizuri asiposoma. Jinsi tatizo hili lilivyotazamwa katika nchi ya pamba, kusini mwa Ziwa Victoria, ni sehemu ya historia yenye mafunzo mengi.

Chato iko katika pwani ya kusini-magharibi ya ziwa hilo, katika nchi ya Uzinza ya zamani. Kwa miaka mingi ilitawaliwa kutoka Biharamulo. Baadaye ikawa wilaya yenyewe, na mwaka 2012 ikaingia katika Mkoa mpya wa Geita. Ijapokuwa mipaka ya utawala imehama mara kadhaa, desturi za kilimo na za ununuzi zimekuwa moja na zile za Geita na Usukuma. Katika miaka ya 1950 Wasukuma wengi walihama kutoka nchi zao zilizojaa watu na mifugo, wakavuka kuingia Geita na magharibi yake, na pamba ikafuatana nao. Ilipofika pamba zikafika mizani, na zilipofika mizani ukafika ugomvi.

Yafaa kwanza kueleza kazi ya pamba ilivyo, ili ijulikane meneja hutakiwa kujua nini. Mkulima huleta pamba mbegu katika kituo cha chama chake. Hupimwa, huandikiwa stakabadhi, hulipwa au huahidiwa kulipwa. Pamba hukaa ghalani, hubebwa kwa malori hadi kiwandani, na huko hutenganishwa nyuzi na mbegu. Nyuzi ni kama theluthi moja tu ya uzito ulioletwa. Hushindiliwa katika marobota ya kilo kama 180 kila moja, na huuzwa kwa bei inayoamuliwa na soko la dunia, ambalo halimjui mkulima wala meneja wake. Chama kikinunua kilo 300,000 za pamba mbegu, hutarajia marobota yapatayo 550. Mizani zikikosea kwa sehemu moja katika mia, kilo 3,000 zimepotea kabla lori halijawashwa moto. Lori likikawia, pamba huloweshwa na mvua. Mkopo wa kununulia ukikawia kurudishwa, riba hula malipo ya mkulima. Mashine zisipowekewa akiba ya uchakavu, huja mwaka ambao zinasimama na hapana fedha ya kuzisimamisha tena. Karani hujua kipande kimoja cha mnyororo huu. Meneja lazima aujue mnyororo wote, kwani hukatika pale ambapo hapakutazamwa.

Vyama vya ushirika katika Tanganyika vilipata sheria yao mwaka 1932, na mwaka uliofuata chama kikuu cha wakulima wa kahawa cha Kilimanjaro kikaandikishwa. Katika Jimbo la Ziwa mambo yalichelewa. Pamba ilinunuliwa na wafanya biashara wenye viwanda, na wakulima wengi waliamini kwamba wanapunjwa katika mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walianza kuweka wapimaji wao wenyewe vituoni, wa kutazama mshale wa mizani kwa niaba ya wenye pamba. Hilo lilikuwa somo la kwanza la usimamizi katika nchi ile, nalo halikutolewa na chuo chochote. Jambo la kukumbukwa ni kwamba somo hilo lilifundisha watu wawili kwa wakati mmoja: mpimaji alijifunza kusoma mizani, na mkulima aliyesimama nyuma yake alijifunza kwamba mizani husomwa, na kwamba anayo haki ya kuuliza zinasemaje.

Mtu aliyeongoza harakati hizo, Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925, ni mfano mzuri wa msimamizi aliyesoma akiwa katikati ya kazi. Alikuwa karani katika mgodi wa almasi wa Mwadui. Kisha akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanya biashara Waafrika wa Mwanza. Kisha akawaunganisha wakulima wa pamba. Hakwenda ng'ambo kwanza ndipo akapewa kazi. Alikwisha kuwa na kazi mikononi, na maswali kichwani, alipokwenda Loughborough, Uingereza, katika miaka ya 1953 na 1954, kusomea mambo ya ushirika. Aliporudi, mwaka 1955 liliundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, naye akawa meneja mkuu wake. Shirikisho lilijengwa kwa ngazi tatu: vyama vya msingi vijijini, vyama vya kati juu yake, na Shirikisho lenyewe Mwanza. Lilianza kupata viwanda vyake, mojawapo cha mwanzo kikiwa kile cha Kasamwa katika wilaya ya Geita. Na ilipofika mwaka 1960 vyama vya msingi vilikuwa zaidi ya 300, na ununuzi wa pamba ya jimbo ulikuwa umeingia mikononi mwao.

Hapo ndipo penye fundo la habari hii. Vyama zaidi ya 300 ni makatibu zaidi ya 300, na kamati zaidi ya 300, na mizani na masanduku ya fedha zaidi ya 300. Loughborough alikwenda mtu mmoja, na wachache wengine wa namna yake. Na huyo mmoja naye hakukaa. Septemba 1960 Bomani aliingia katika serikali, akawa Waziri wa Kilimo na Ushirika, na mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha. Nchi changa ilihitaji mawaziri, na hapana awezaye kuilaumu. Lakini chama kilichokuwa kikikua kwa haraka kiliachwa kikitafuta watu wa kukisimamia wakati ule ule ambapo watu wa namna hiyo walitafutwa na kila ofisi ya serikali.

Tatizo hili halikuwa la Waafrika peke yao. Mwaka 1943, wakati wa vita kuu, Chuo Kikuu cha Chicago kilianzisha masomo ya shahada ya usimamizi kwa watu ambao tayari ni wakuu wa kazi, bila ya kuwataka waziache kazi zao. Mwaka 1945 Chuo Kikuu cha Harvard kilifungua mafunzo yake ya mameneja wakuu. Na mwaka 1948 huko Henley, Uingereza, kikundi cha kwanza cha wasimamizi kutoka viwandani na serikalini kiliketi pamoja kujifunza kwa kujadiliana. Fikra iliyokuwa chini ya mafunzo haya yote ni moja: kwamba usimamizi wa jumla haufundishiki vema kwa mtu ambaye hajasimamia kitu. Mwanafunzi huleta darasani mzigo wake wa jana, hujifunza namna ya kuubeba, na kesho huubeba. Tajiri wake humlipia karo, kwa sababu huitazamia faida.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo vyuo hivyo havikuwa na haja ya kulisema, kwa kuwa huko lilijulikana bila kusemwa. Meneja wa Chicago aliporudi ofisini alirudi kwa wenye mali waliojua kusoma mizania. Walikuwa na wakaguzi wao, na mawakili wao, na magazeti yao ya biashara. Alijua kwamba ataulizwa, na kwamba aulizaye anaelewa jibu. Meneja wa chama cha pamba alirudi kwa wenye mali wa namna nyingine: wakulima hodari, wenye akili na kumbukumbu, lakini ambao wengi wao hawakupata kufundishwa kusoma hesabu zilizoandikwa kwa fedha yao wenyewe. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua mambo yaliyofuata.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961, vyama vya ushirika viliongezeka Tanganyika nzima, kutoka vyama 857 mwaka ule hadi zaidi ya 1,500 ilipofika mwaka 1966. Vingine havikuanzishwa kwa sababu wakulima walikuwa tayari, bali kwa sababu siasa ilivitaka. Manung'uniko yakazidi: malipo yanakawia, makato hayaelezwi, jamaa za viongozi wanapewa kazi. Mwaka 1966 Rais Nyerere aliunda kamati maalum ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Kamati iliona kasoro ambazo, kwa kuzifupisha, ni hizi: wanachama wasio na habari za chama chao, upungufu wa watu wa kukiendesha, upungufu wa ustadi katika kazi maalum, ukosefu wa demokrasia katika vyama vikuu, na kuingiliwa na siasa. Msomaji atazame mpango wa kasoro hizo. Mbili ni za elimu ya wafanya kazi. Moja ni ya elimu ya wenye mali. Na mbili zilizobaki haziponi pasipo hiyo ya wenye mali, kwa kuwa asiyejua hesabu za chama chake hawezi kumpinga anayemtawala kwa hesabu hizo.

Dawa ya kasoro za elimu ilikuwa imekwisha anza kutengenezwa. Chuo cha Ushirika kilifunguliwa Moshi mwaka 1963, na mwaka uliofuata kikafuatwa na Kituo cha Elimu ya Ushirika. Kazi za taasisi hizi mbili ziligawanyika kwa hekima. Chuo kiliwapokea wafanya kazi kwa mafunzo ya kukaa bwenini. Kituo kiliwafuata watu walipo: kilikuwa na matawi yake mikoani, kilituma masomo kwa posta, kilitumia redio, na kilihimiza watu wakutane kwa vikundi kusoma. Nchi za Skandinavia ziliisaidia kazi hii, na tangu mwaka 1968 msaada wao uliongezwa kwa mpango mmoja wa pamoja. Katibu wa chama aliweza kupokea somo lake kwa Kiswahili, akalisoma jioni baada ya kufunga ghala, akalijibu, akalirudisha kusahihishwa. Na wajumbe wa kamati nao walikuwa na masomo yao, na wanachama wa kawaida yao.

Haya ndiyo mafunzo ya nusu ya muda kwa maana yake njema kabisa, na hayakuwa na haja ya kuionea haya Chicago. Katika jambo moja yaliipita. Yaliwatazama meneja, kamati na mwanachama kama watu watatu walioshika kamba moja. Somo la mizani za miaka ya 1950, lililowafundisha mpimaji na mkulima kwa pamoja, lilikuwa limerudi katika sura ya karatasi.

Kwa bahati mbaya, masomo ya posta huenda polepole, na hasira ya wakulima pamoja na ile ya serikali zilikwenda mbio. Mwaka 1968 sheria iliunda Tume ya Utumishi wa Ushirika, iliyokuwa na uwezo wa kuwaajiri na kuwaondoa wafanya kazi wa vyama. Mwaka huo Shirikisho la Victoria liliondoka, na mahali pake ukaja Ushirika wa Nyanza. Tume ililetwa kwa nia njema: ilikusudiwa kuondoa upendeleo na kuweka mishahara na sifa za kazi zilizo sawa kila mahali. Lakini matokeo yake katika habari ya usimamizi yalikuwa mazito. Meneja sasa aliajiriwa na mtu mmoja na kusimamia mali ya mtu mwingine. Kama alisoma vizuri, aliyempandisha cheo hakuwa mkulima. Na kama alisimamia vibaya, aliyemhamisha hakuwa mkulima. Mafunzo yake yakawa ngazi ya kupandia katika utumishi, si deni alilodaiwa na wenye pamba.

Mwaka 1976 vyama vikuu vyote vikavunjwa. Pamba ikanunuliwa na mamlaka ya serikali, vijiji vikafanywa kuwa vyama, na mwishoni mwa miaka ile mameneja wakapelekwa vijijini na serikali. Kwa upande wa elimu miaka hiyo haikuwa ya uvivu. Mzumbe, palipokuwa na shule ya serikali za mitaa tangu mwaka 1953, pakawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972. Arusha pakaanzishwa mwaka 1974 chuo cha usimamizi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambacho mwaka 1980 kiligeuzwa kuwa cha nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, na hata leo kinawafundisha wakuu wa kazi wa nchi nyingi. Vyuo vikaongezeka, na vyeti vikaongezeka. Chama chenyewe, ambacho meneja angekirudia kwa maarifa yake, kilikuwa kimeondolewa. Ilikuwa kama kumfundisha mtu unahodha huku jahazi likipasuliwa kuwa kuni.

Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama vikuu, na katikati ya miaka ile vikaanza kazi tena. Lakini vilirudi kama mgonjwa anavyotoka kitandani, na madeni yakiwa shingoni. Soko la pamba lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katika msimu wa mwaka 1994, meneja wa ushirika alikabiliwa na jambo ambalo miaka thelathini haikumwandaa nalo, yaani mshindani. Wanunuzi walikuwa na fedha taslimu na malori. Yeye alikuwa na majengo makubwa, mashine kuukuu, na historia. Tangu msimu wa mwaka 2018 serikali imerudisha ununuzi wa pamba katika vyama vya msingi, na Chato, ambayo sasa ina chama kikuu chake na kiwanda chake, imeingia tena katika swali la kale: ni nani atakayeviendesha vyombo hivi, na amejifunza wapi?

Njia za kujifunza leo si chache. Chuo cha Moshi kimekuwa Chuo Kikuu cha Ushirika tangu mwaka 2014, nacho kina taasisi yake Kizumbi, Shinyanga, ambako si mbali sana na nchi ya pamba. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, humfuata mwanafunzi mkoani kwake. Wala wenye kuhitaji si watu wa pamba tu. Mgodi wa kale wa dhahabu wa Geita ulifungwa mwaka 1966, mwaka ule ule wa kamati ya ushirika. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000, na kanuni za madini za mwaka 2018 zinazitaka kampuni ziwafundishe Watanzania na kuweka mpango wa kuwakabidhi nafasi zinazoshikwa na wageni. Mwaka 2019 soko la madini lilifunguliwa Geita, na viongozi wa vikundi vya wachimbaji wadogo, ambao jana walijua sururu na karai, leo hushika vitabu vya mauzo, mikataba na kodi.

Kwa hiyo haja ya mafunzo haina ubishi. Linalobaki ni namna yake, na historia iliyosimuliwa inatoa maneno matatu juu ya hilo.

Neno la kwanza ni la wakati. Pamba hununuliwa kuanzia katikati ya mwaka hadi hesabu za msimu zifungwe. Miezi hiyo meneja haondoki kituoni, na darasa limwitalo wakati huo humchagulia kati ya kusoma vibaya na kusimamia vibaya. Kalenda ya chuo yapasa kuifuata kalenda ya zao.

Neno la pili ni la lugha. Mafunzo ya juu ya usimamizi hutolewa kwa Kiingereza, lakini mkutano mkuu wa wanachama hauendeshwi kwa Kiingereza. Meneja aliyefundishwa maana ya uchakavu kwa lugha ambayo wanachama hawaijui, atasimama mbele yao na kuwaambia kwamba fedha walizozitazamia ziwe malipo ya pili zimewekwa akiba kwa ajili ya mashine ambayo bado inazunguka. Nao watadhani wameibiwa. Hapo ama atashindwa na kugawa akiba, ama atashinda kwa kuwanyamazisha, na yote mawili ni hasara. Maneno ya Kiswahili yapo: mizania, mtaji, uchakavu, akiba, dhamana. Linalotakiwa ni kuyatumia darasani mpaka yawe mepesi mkutanoni, kama masomo ya posta ya miaka ya 1960 yalivyojaribu kufanya.

Neno la tatu ndilo zito. Kumfundisha meneja peke yake ni kumzidishia nguvu juu ya watu asiowajibika kwao. Elimu itamfanya mwema awe mwema zaidi, na mjanja awe mjanja zaidi, wala cheti hakielezi ni yupi kati yao aliyekipokea. Kinachomweka msimamizi katika njia ni swali la mwenye mali ajuaye kuuliza. Kwa sababu hiyo kila shilingi inayotumika kumpeleka meneja darasani ingefaa iwe na mwenzake inayotumika kuwafundisha kamati na wanachama kuisoma karatasi ambayo meneja ataileta.

Wakulima wa Jimbo la Ziwa hawakuhitaji chuo kikuu kulitambua hili. Walipoona pamba yao inapotea, hawakuridhika kumtafuta mpimaji mwaminifu tu. Walisimama karibu na mizani, wakautazama mshale.